Viatu Nje ya Jumba la Kale

Jumatatu makumbusho hufungwa, na hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko Profesa, mtu ambaye hajawahi kufundisha hata kuku kuvuka barabara.

Siku hiyo alikuwa na shida moja. Saa kumi alitakiwa kwa baba wa mchumba wake, na alishaambiwa hakuna miadi mingine baada ya hiyo. Alimpenda yule binti kweli. Katika maisha yake yote, hilo peke yake halikuwa na ujanja ndani. Lakini angebishaje hodi na viatu vilivyofungua midomo mbele?

Ndipo akawaona mabwana watatu wamesimama mbele ya jumba la kale la makumbusho, wanang'aa kuanzia vidoleni. Kando yao mama mmoja mtu mzima, mwenye kikapu, ameketi kwenye ngazi anajipepea.

"Shikamoo, mama," alisema Profesa, akimshika mkono kwa mikono miwili, maana shangazi wa wateja huheshimiwa kwanza. Kisha akawageukia mabwana. "Mna bahati. Leo ni siku ya wageni maalumu. Mlango wa nyuma."

Mlango wa nyuma fundi rangi alikuwa ameuacha wazi akaenda kula.

"Viatu nje, tafadhali. Mbao hizi zina miaka mia tatu. Kisigino kimoja tu, historia imekwenda."

Ili mambo yakolee, naye akavua vyake.

"Magoti yangu hayataki ngazi, wanangu," mama akasema. "Nitawalindia."

Hilo halikuwemo kwenye mpango, lakini mama anaweza kutumwa maji. Ghorofani Profesa akawaonyesha ufa uliopatikana siku tajiri mwenye nyumba alipopiga chafya. Mnene kati yao akaandika.

"Ngojeni nikawawashie taa," akasema, akashuka kwa vidole.

Mama hayupo. Viatu havipo. Hata vyake vilivyochanika vimebebwa, na hilo lilimuuma zaidi: mwizi asiyechagua.

Mabwana nao walikuwa wamechoka na giza, wakashuka.

"Mama yako kaenda wapi?" mnene aliuliza.

"Mama yangu? Si shangazi yenu?"

"Sisi tumemkuta hapa. Wewe ndiye uliyemwamkia mpaka tukaona haya."

Profesa akatazama saa ya mnara. Kumi kasoro dakika tano. Akachanja mbuga. Alikatiza bustani ya mjini, akapita sanamu ya shujaa aliyevaa buti zake bila wasiwasi, na nyuma yake mabwana watatu wakiruka ruka kwenye lami ya moto. Walijua anakimbilia kwa mama yake.

Baba wa mchumba akafungua mlango. Akatazama chini, akahesabu miguu minane yenye vumbi.

"Hawa ndio wazee wako waliokuja kuposa?"

"Ndio, baba," Profesa akadakia, akijisifu moyoni.

"Tumemfuata mama yake," mnene akasema huku akihema. "Yumo humu?"

"Mama yake?" Mzee akamgeukia Profesa. "Si ulinililia hapa hapa, ukasema amefariki? Nikakuchangia mpaka sanda."

Binti alikuwa nyuma ya baba yake, amesikia yote. Alimtazama Profesa usoni, wala hakuitazama miguu, akaingia ndani.

"Karibuni mnywe maji," mzee akawaambia mabwana. "Ninyi watatu."