Nimehukumiwa na Baraza Nililokwenda Kulichunguza

Leo nimeumbuka, jamani, na kijiji kizima cha Mutuka kimeshuhudia. Naandika nikiwa stendi ya Babati mjini, kwa hiyo mnivumilie.

Mnajua nafundisha sheria chuoni, na tunaanzisha kikundi cha utafiti wa sheria na jamii. Bosi wetu, tunamwita Daktari, alishasema wazi: uongozi wa chuo unakaa kesho kutwa, na wasipoona kazi hata moja iliyofanyika nje ya darasa, kikundi kinafutwa. Kikifutwa, na mimi kibarua kimeota nyasi. Ndiyo maana nimetumwa huku.

Mwenyeji wangu ni Mama Neema, mama wa Kibarbaig, kabila la wafugaji wa huku, mkarimu kupita kiasi. Asubuhi akaniambia wanawake wenzake wana baraza. Kuna mwanaume amempiga mkewe aliyetoka kujifungua, na kwa desturi yao kosa hilo wanaume hawaligusi. Wanawake ndio wanaosikiliza, na ndio wanaohukumu. Moyo ukanipasuka kwa furaha.

"Mama, twende wote."

"Hapana, mwanangu. Mwanaume hafiki pale. Wewe kaa hapa unywe maziwa, nikirudi nitakusimulia."

Mtu mwenye akili angekunywa maziwa. Mimi nikawaza kikao cha kesho kutwa. Nikajiambia nitakaa mbali, nisikilize tu. (Msomi wa sheria huyu. Nimeambiwa sheria kwa Kiswahili chepesi, nikaivunja kabla maziwa hayajapoa.)

Nikamfuata kwa mbali, nikaingia kwenye shamba la mahindi, nikachuchumaa. Wanawake wamekaa kwenye nyasi, wengi kweli, wamevaa sketi zao za ngozi, fimbo zao pembeni. Bibi mmoja anaongea, wengine wametulia. Nikatega sikio. Ndipo nikagundua wanaongea Kibarbaig, na mimi sijui hata neno moja. Sasa nimejificha nisikie nini?

Nikaanza kurudi kinyumenyume. Simu ikaita, mlio wa kwaya kwa sauti ya juu kabisa. Ni Daktari, anataka kujua kazi inaendaje.

Wakasimama wote. Nilitaka kukimbia, nikakumbuka laana yao. Niliwahi kuambiwa hapa mjini kwamba wanaume wenye ng'ombe wasiohesabika wanaogopa laana ya mama hawa kuliko polisi. Na laana, ndugu zangu, haina rufaa.

Nikatolewa kwenye mahindi nikiwa na mabua kichwani. Mama Neema aliponiona akajifunika uso kwa mikono. Yule bibi akahamia Kiswahili.

"Shikamoo, bibi," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto wa chekechea.

"Marahaba. Wewe ni mwanamke?"

"Hapana, bibi."

"Ulikatazwa kuja?"

Nikamwangalia Mama Neema. "Nilikatazwa."

(Wanafunzi wangu, msije mkajibu hivyo mahakamani.)

Nikajitetea. Nikaeleza kwamba mimi ni mtafiti, tuna kikundi, tunataka kujua watu wanavyoishi na sheria zao. Bibi akanisikiliza mpaka mwisho, bila kunikatiza.

"Hicho kikundi chenu kina wanawake wangapi?"

Nikahesabu kwa vidole. "Hakuna, bibi."

Akawatafsiria wenzake. Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini tena. Kesi ya yule mwanaume ikawekwa kando kwanza, ikajadiliwa yangu. Hukumu ikaja: dume la ng'ombe, jeusi, lisilo na doa. Mimi nimepanga chumba kimoja, kuku tu sina. Nikapiga magoti, na machozi yakanitoka ya kweli kabisa, si ya kuigiza.

Mama Neema ndiye aliyeniokoa. Alisimama akaongea kwa muda mrefu huku akininyooshea kidole, na sura yake haikuwa ya kunisifu. Wakateta. Kisha bibi akanigeukia.

"Mama huyu amekuombea. Kesho tunamalizia kesi yetu. Lete mwanamke aliyesoma sheria, akae na sisi, tutamweleza kila kitu. Asipokuja, dume liko palepale. Na wewe ukirudi, utabaki nyumbani unachunga ndama."

Nikashukuru mpaka nikashikwa na kwikwi. Nikampigia Daktari, nikamsimulia yote. Nikajua hapa nafukuzwa.

"Hiyo hukumu," akauliza, "walikubaliana wote au aliamua bibi peke yake?"

"Sijui, Daktari. Nilikuwa nalia."

Kwa hiyo dada zangu mliosoma sheria, yeyote mwenye nafasi kesho, namwomba kwa magoti yaleyale. Utafiti ni wake, jina lake litatangulia, na uongozi wa chuo ataukabili yeye. Ndama nitachunga mwenyewe.