Nani Amekata Stima Bwawani?

Jumatatu, 9 Machi 1987
Pampu imekufa! Waya wa stima hupita chini ya maji ya bwawa, ndani ya bomba la mpira, hadi kwa pampu ng'ambo ile. Leo kimya. Kapseret nzima inabeba ndoo, na Jumamosi tunachagua mwenyekiti wa maji. Nakitaka kile kiti, jamani! Mimi ndiye katibu, lawama zote zangu. Nani anafurahi? Waweru wa duka, mpinzani wangu. Hii ni hujuma! Nitathibitisha kisayansi. Angalau Ijumaa D.O., mkuu wa tarafa, alisifu njia ya ofisi yetu, vile nimeipangia mawe meupe huku na huku. Mawe laini, vijana waliyatoa bwawani nikiwasimamia.

Jumanne, 10 Machi
Nimepata alama ya gambuti kwa matope ya bwawa! Nikamimina uji mzito, ukaganda, nikatoa kiatu kizima. Mke wangu Warigia akauliza kama unga huokotwa barabarani. Nikamwambia sayansi ina gharama. Mbwa amekula kisigino. Ushahidi uliobaki unatosha.

Jumatano, 11 Machi
Nimemwomba Waweru apime mguu kwa uji wangu. Alicheka mpaka akakalia gunia la sukari. Mguu mdogo! Nyumbani nikapima gambuti yangu. Ikaingia sawasawa. Ona ujanja wa huyo mtu: amenunua gambuti saizi yangu!

Ijumaa, 13 Machi
Nilimwita Mwalimu Kipyego wa fizikia mbele ya wanachama wote, ili Waweru aumbuke. Mwalimu akavuta mpira. Umepasuka, una alama za kwato kila mahali. Akasema mpira una hewa, usipolaliwa na mawe huelea, na ng'ombe wakija kunywa wanaukanyaga. Akauliza mawe yameenda wapi. Watu wote wakageuka kuangalia njia ya ofisi. Meupe pe! Mimi pia niliangalia. Nikakohoa. Mama Muthoni akasema siku hizi hujuma hupigwa rangi kwanza. Watu wana midomo!

Jumamosi, 14 Machi
Uchaguzi wa mlolongo. Nyuma ya Waweru, mstari mpaka kwa josho la ng'ombe. Nyuma yangu, shemeji Simeon peke yake, na kumbe alifuata kivuli. Iliniuma sana, siwezi kujidanganya. Halafu nikaamriwa kurudisha mawe majini, fundi akiunga waya. Maji baridi, we!

Jumapili, 15 Machi
Mfereji unatoa maji! Warigia amepika mukimo, nimeshiba, dunia ni nzuri. Kanisani niliwasamehe wote. Lakini wakati wa matangazo nikafikiri kisayansi. Mpira ulielea kwa sababu mawe yalitolewa. Mawe yalitolewa yapakwe chokaa. Na chokaa niliuziwa na nani? Waweru! Nikaruka nikapaza sauti: Amina! Mchungaji alikuwa anatangaza mazishi.