Kucha za Kujenga za Dada Lucia

Jumamosi, 14 Juni 1997. Kawajense, Mpanda.

Cecilia ndiye mpambe. Mama ametangaza leo tukipepeta mchele wa harusi, kama anayetaja bei ya dagaa. Cecilia, binti wa baba mdogo, atakaa kando ya dada Lucia Jumamosi ijayo. Ndiye atakayepanda naye treni hadi Tabora kwa shemeji Sylvanus, akae naye mpaka azoee nyumba. Mimi, mdogo wake wa tumbo moja, nitashika maji ya kunawia wageni.

Nikauliza kwa nini. Yaani nilitaka kuuliza. Nikaendelea kupepeta. Mama akajibu hivyo hivyo, kwamba mpambe anatakiwa awe na mdomo, na mimi, Minza, mgeni akiniuliza jina naangalia miguu. Uongo mtupu. Nilikuwa naangalia miguu wakati anasema.

Jioni Cecilia akaja kuonyesha kucha zake mpya. Za plastiki, za kubandika na gundi, nyekundu, zimetoka Tabora. Akanyoosha mkono mpaka kuku wakasogea. Akasema eti dada akitaka atamgawia. Roho yangu mbaya sana leo.

Jumatatu, 16 Juni

Nina mpango.

Uvunguni mwa kitanda chetu mimi na dada kuna boksi la mama mdogo, aliyekuwa na saluni Mwanza kabla hajaolewa. Chupa ya dawa, kopo la unga, brashi, tupa, karatasi ya maelezo kwa Kiingereza. Kucha za plastiki hamna, zilishaisha. Nikasikitika. Kisha nikasoma. Nyumba hii karatasi za Kiingereza nasoma mimi, hata dawa za ng'ombe baba hunipa nimsomee.

Kumbe plastiki si lazima. Unachukua fomu, yaani kikaratasi kinachoingizwa chini ya ncha ya kucha. Unachovya brashi kwenye dawa, kisha kwenye unga, unaijenga kucha mpya juu ya kile kikaratasi. Ikikauka unavuta kikaratasi, kucha inabaki imesimama yenyewe. Kama mafundi wanavyozuia zege kwa mbao.

Halafu mstari wa mwisho. Kucha ya mwenyewe ikikua, pengo linabaki nyuma, fundi lazima alijaze. Fundi lazima. Nimeusoma tena na tena kwa raha. Dada akivaa kucha hizi hawezi kukaa Tabora bila fundi. Fundi Mpanda nzima ni mmoja. Cecilia atabaki hapa na plastiki zake.

Jumanne, 17 Juni

Mazoezi kwenye kidole gumba changu. Kucha ya kwanza imetoka kama jino la ng'ombe. Ya mwisho nzuri kabisa, fomu ilitoka bila shida. Tatizo, fomu zilizokuwa kwenye boksi zimeniishia zote kwenye gumba hilo hilo. Baba akapita, akasikia harufu ya dawa, akauliza nani anapaka nyumba rangi, mbona hajaambiwa anunue ipi.

Si neno. Fomu ni karatasi, na karatasi ninazo. Nimekata jalada la nyuma la daftari langu la hesabu. Gumu kiasi, linapinda vizuri. Maelezo yanasema kitu kuhusu upande unaong'aa, ila maneno ni marefu na nilikuwa na kuni za kupasua.

Alhamisi, 19 Juni

Nimemjengea dada kucha nyuma ya jiko, magoti yetu yamegusana. Siku nzima hatukuitwa na mtu, sijui ilikuwaje.

Akaniuliza kama nakumbuka Usevya, tulikokaa utotoni. Nikasema nakumbuka. Kwangu hiyo ni hotuba. Akasema unakumbuka ule mkrismasi, mti wa maua mekundu, karibu na shule, tulivyokuwa tunapasua vifuko vya maua machanga, tunabandika vipande kwenye kucha kwa mate, tunakwenda kisimani tunatembea kama wake za wakubwa. Nakumbuka kila kitu. Vyangu vilikuwa vinadondoka kabla hatujafika, nalia, naye anabandua vyake ananivalisha. Alikuwa anateka maji na vidole vitupu. Hilo hakulitaja. Sidhani analikumbuka. Nilishindwa kumwambia, nikainamia kidole chake cha shahada kwa bidii.

Kisha fomu zikakataa kutoka. Nimevuta, nimelowanisha, nimevuta. Jalada limegandana na kucha kama ndugu. Mwisho nimekata kuzunguka kwa mkasi. Kwa juu, kucha za malkia. Ukigeuza mkono unaona jedwali la kuzidisha. Dada akasema nani ataangalia chini. Akanyoosha mkono juani, akasema mdogo wangu wewe ni fundi, mama akiona nitamwambia twende wote.

Amesema twende wote. Naandika tena: twende wote.

Mama kakubali kufikiria, ila kwanza kesho ipite. Kesho wanakuja mashangazi wa shemeji.

Ijumaa, 20 Juni

Kesho imepita. Afadhali isingekuja.

Kwao bi harusi hula sahani moja na shangazi mkubwa wa bwana harusi, naye shangazi anautazama mkono. Anayeweza kumega tonge safi anaweza nyumba. Sote tunaijua desturi hiyo. Mimi naijua tangu niko mdogo. Nilipokuwa najenga zile kucha sikuifikiria hata kidogo.

Ugali ulikuwa wa moto, wa mahindi mapya. Dada akamega, ugali ukaingia chini ya kucha zote. Akaviringisha kwa viganja kama anafinyanga chungu. Shangazi Theopista, mama mzito mwenye sauti ya msimamizi wa kwaya, akamuuliza kwa upole kama anaumwa mkono. Dada akasema hapana shangazi. Cecilia akakohoa. Na zake za plastiki alikuwa amezibandua asubuhi, nyoka yule.

Akamega tena. Safari hii shangazi naye akamega pale pale. Akatafuna. Likasikika ka, kama mtu amekanyaga konokono.

Akatoa kitu mdomoni, akakifuta, akakigeuza. Akasoma kwa sauti, polepole, mbele ya wanawake wote: saba mara nane.

Nikasikia mtu anajibu hamsini na sita, sauti safi kabisa, ya kumfaa mpambe. Ilikuwa yangu.

Dada akacheka mpaka akaegemea ukuta. Wageni nao wakacheka. Shangazi hakucheka. Alikuwa ameshika mdomo. Mama alinitazama, nikaangalia miguu.

Jumapili, 22 Juni

Harusi ilikuwa jana. Nilishika maji. Kucha tulizitoa zote kwa tupa, vidole vya dada vimekuwa kama vya mvuna mpunga, naye akasema anavipenda hivyo hivyo.

Leo stesheni. Cecilia dirishani na shanga mpya. Dada alinishika kichwa kupitia dirisha, nami nikamshika chake. Tumefanana. Treni ilipoondoka mama alilia, baba akamwambia Tabora si Ulaya, kisha akageukia mabehewa ya mizigo akasimama huko muda mrefu.

Kitanda kipana sana. Nimelala upande wangu ule ule wa ukutani.

Jumatano, 25 Juni

Habari kutoka Tabora. Kijana wa jirani amerudi na treni, anasema dada mzima, anapika, anacheka. Cecilia amechoka, anataka kurudi. Shangazi Theopista jino lake la mbele limemeguka nusu, anaongea amefunika mdomo na khanga. Mwanakwaya. Ameacha kuimba.

Mama ameshika kichwa kwa aibu. Mimi nimekwenda uvunguni.

Unga upo nusu kopo. Dawa inatosha. Na ile karatasi, chini kabisa kwa herufi ndogo, inasema unga wa aina hii hata mafundi wa meno bandia wanautumia. Kucha na jino tofauti yake nini, vyote ni vigumu na vimeota. Kinachohitajika ni fomu moja tu, ya kuingia nyuma ya jino. Safari hii situmii jalada la daftari, mimi si mjinga. Nimekata kwenye kalenda ya kanisa, ile karatasi inang'aa.

Namwambia mama kesho. Treni ya kwanza, niende nikamsaidie shangazi wa watu. Kwa dada nitafikia tu.