Kituo cha Kwanza cha Kuchajia

Suti alilisoma tangazo lile kinyozini, povu likiwa nusu ya uso, na kabla wembe haujafika kidevuni alikuwa ameshaona utajiri wake. Serikali inakaribisha sekta binafsi kuingia ubia wa kujenga vituo vya kuchajia magari ya umeme, barabara kuu yote, kila baada ya kilomita hamsini. Wenzake waliosubiri zamu walikuwa wameliruka wakaenda ukurasa wa mpira. Suti aliomba aondoke na gazeti.

Jina lake halisi halituhusu, na yeye mwenyewe alikuwa nayo matatu. Mjini walimwita Suti kwa sababu ya suti yake ya kijivu, iliyokuwa imehudhuria vikao vingi kuliko mbunge yeyote, na kuchangia zaidi. Kitu kimoja tu duniani alikipenda kwa dhati: gari lake dogo jeupe la umeme, alilolipata kwa michango ya ushirika wa kuku ambao kuku wenyewe hawakuwahi kuanguliwa. Kila Ijumaa aliliosha kwa mkono wake, na inasemekana hakuwahi kulidanganya.

Kazi aliianza kisomi. Alipakua mkataba halisi wa ubia kwenye tovuti ya wizara, kurasa sitini na mbili, akabadilisha ukurasa wa kwanza ili mbia binafsi awe yeye, na kuziacha nyingine zote kama zilivyo. Hakuusoma. Kazi ya mkataba, kwa maoni yake, ni unene: mtu akiuona mzigo ule hutafuta mahali pa kusaini ili apumue. Suti alikuwa na kidole chake maalumu cha kuonyesha mahali hapo. Ukisaini, anakuomba hati ya kiwanja “kwa ajili ya usajili”, na hati ikishaingia mkobani, kiwanja kinapata mnunuzi kabla hujamaliza soda. Mwenye kiwanja cha darajani alikuwa amesaini wiki iliyopita, na hata asante alisema; hati yake ilikuwa bado mkobani, kwa kuwa mnunuzi alikuwa amesafiri.

Wa pili alikuwa Shangazi. Madereva wote wa malori walimwita hivyo, na mkahawa wake ulikuwa kilomita tisini kutoka mjini, juu ya mlima, kiwanja tambarare chenye nguzo ya umeme mlangoni. Alikuwa mjane. Kiinua mgongo chake chote kilikuwa kimeingia kwenye kuta zile, na nje ya kiwanja kile hakuwa na hata pa kuanika nguo.

Suti alifika saa tatu asubuhi bila tone la jasho, kwa maana alikuwa amewasha kiyoyozi hadi mwisho njia nzima ya mlima ili suti isijikunje. Kiyoyozi kilikuwa kimekula betri. Ilibaki asilimia sita, na kurudi mjini, hata kwa mteremko, alihitaji hamsini.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Chai?”

“Sijaja kunywa chai. Nimekuja kukutajirisha.”

“Wanaokuja kunitajirisha huwa wanakunywa kwanza,” alisema Shangazi, akamimina.

Suti akaeleza. Yeye ni mratibu wa mradi. Serikali inaleta sera, sekta binafsi inaleta mtaji, Shangazi analeta kiwanja tu. Magari ya umeme yatapanga foleni hadi bondeni. Fundi wa pancha, ambaye kibanda chake kilikuwa ukutani mwa mkahawa, alisogeza kiti.

“Hayo magari ya umeme yana matairi?”

“Yana, ndugu yangu.”

“Basi mimi niko upande wa serikali.”

“Na hilo lako hapo nje,” alisema Shangazi, “linachajiwa wapi?”

Swali hilo Suti alikuwa ameliogopa tangu kona ya mwisho. Alikohoa, akaomba kuchomeka kidogo. Shangazi alichomoa friji, akapitisha waya dirishani mwa jikoni, na akauliza litachukua muda gani.

“Dakika chache,” alisema Suti, akaweka nakala mbili za mkataba mezani, moja ya Shangazi na moja yake. Kidole kikaenda ukurasa wa mwisho. “Ni hapa tu, shangazi.”

“Nitasaini. Kwanza tulinganishe.”

Aliondoa kitambaa kwenye kitu kilichokuwa juu ya kaunta, ambacho Suti alidhani ni redio ya zamani. Ilikuwa taipureta. Shangazi alikuwa amepiga chapa wizarani miaka thelathini na mmoja, na chini ya taipureta ilikuwapo rula yake.

“Ofisini kwetu karatasi haikutoka bila kulinganishwa,” alisema. “Mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anafuata na rula kwenye nakala ya pili. Koma unasema koma, nukta unasema nukta. Soma, mwanangu.”

“Shangazi, ni kurasa sitini na mbili.”

“Gari lako lina asilimia ngapi?”

“Sita.”

“Basi muda tunao.”

Kwa hiyo Suti, kwa mara ya kwanza maishani, akausoma mkataba wake. Alisoma tafsiri ya maneno, alisoma majukumu ya pande mbili, alisoma koma ambazo hakujua kama zipo. Kila ukurasa wa kumi alichungulia nje: asilimia kumi na tatu, asilimia ishirini. Ukurasa wa ishirini na tatu alishusha sauti.

“Ardhi itabaki mali ya mwenye ardhi koma na hati yake haitatolewa kwa mbia binafsi kwa sababu yoyote ile.”

“Sijasikia nukta,” alisema Shangazi.

“Nukta. Ila hiki kifungu, shangazi, tutakirekebisha.”

“Mkataba wa serikali unarekebishwa mkahawani? Endelea.”

Saa saba madereva waliingia kula, na mkahawa mzima ukawa unasikiliza. Suti alifika ukurasa wa arobaini na moja, akasoma polepole, kama mtu anayesoma majibu yake ya hospitali.

“Mbia binafsi atakabidhi dhamana ya mali inayohamishika koma pamoja na kila kinachohitajika ili itumike koma na mwenye ardhi ataitumia hadi kituo kitakapokamilika nukta.”

“Mali inayohamishika ni kama nini?” aliuliza fundi wa pancha.

Watu wote waligeuka kutazama gari jeupe.

“Kwa sasa halihamishiki sana,” fundi alisema. “Lakini tunaongeza.”

Suti akafunga mkataba, akasema labda arudi wiki ijayo na wakubwa zake. Dereva mmoja wa lori, mtu mnene mpole, akaweka kijiko chini.

“Kaka yangu wa darajani alisaini kitu chenye unene huu. Ukurasa wa mwisho peke yake. Hati yake iliondoka na mtu wa suti ya kijivu.”

“Suti za kijivu ni nyingi, kaka.”

“Ni nyingi kweli. Nikitoka hapa napita kituo cha polisi, na mbele nina nafasi ya mtu mmoja. Lakini mratibu wa kweli hana haja ya lifti yangu. Atasaini, na hati ya kaka yangu atanipa.”

Suti alifungua mkoba. “Nilikuwa naisajili,” alisema, akamkabidhi. Kisha akasoma kurasa zilizobaki haraka haraka na kusaini, moyo wake ukiwa mwepesi kidogo, kwa kuwa ndani ya soksi ya kushoto alikuwa na ufunguo wa akiba. Ule mwingine alimpa Shangazi kwa mikono miwili.

“‘Kila kinachohitajika ili itumike,’” alisema fundi wa pancha. “Umesoma mwenyewe. Gari kama hilo huja na funguo mbili.”

Suti aliinama, akavua kiatu.

Saa tisa gari lilifika hamsini. Shangazi alivua aproni. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa waziri, na Jumapili alikuwa akimfundisha kuendesha kwa gari la serikali. Huo nao ulikuwa ubia. Aliweka mkataba kwenye kiti cha abiria, akaufunga mkanda.

“Unakwenda wapi, shangazi?” Sauti ya Suti ilikuwa na kilio.

“Wizarani, kuusajili. Wenzangu bado wapo masijala. Na wewe ukurasa wa hamsini na saba unasema utaendesha huduma miaka kumi na mitano. Aproni hiyo hapo.”

Suti alilitazama gari lake likishuka mteremko, safi, bila kelele, na alilipenda kuliko siku zote. Alitazama barabara. Dereva mnene alikuwa bado anakunywa soda yake taratibu, na kiti cha mbele cha lori kilikuwa kitupu. Suti akavaa aproni.

Hata hajaifunga kamba, gari la bluu la umeme likapanda kwa kujikongoja, likasimama mbele ya dirisha la jikoni. Mwanamume aliyevaa tai akatoa kichwa.

“Nimeona waya. Mnachaji hapa?”

“Tunachaji.”

“Mpaka lijae, muda gani?”

Zile dakika chache zilimfika Suti ulimini. Aliutazama waya, akamtazama dereva mnene, akazimeza.

“Saa kumi na nne,” alisema.

“Nukta,” akasema fundi wa pancha, na akaenda kukagua matairi.