Waya ya Kwa Zubeda

Juma tatu, tarehe 3 Novemba
Fadhila, andika. Fadhila ni muke wa mutoto wangu Hamimu; yeye alisoma, mi ninasema tu. Leo disiki za ordinateri ya Zubeda zimekufa zote, na hii joto ya Bwiza. Zubeda ni jirani wa ukuta. Iko na sekretaria, duka ya kuandikia watu na kuchapa, kama yangu. Ananikamatia bakliyenti tangu harusi ya Miza, pale alivaa kitenge kama changu, lakini tuache. Nimemupelekea waya. Fundi Ilyasi ametoboa ukuta. Kwangu disiki ni moja, iko mu ordinateri kubwa, tunaiita Mama. Zingine hazina disiki; asubuhi zinaamuka, zinanyonya programu zote kwa Mama. Sasa za Zubeda nazo zitanyonya kwangu. Zubeda amenibariki mpaka nikaona haya. Kidogo.

Juma nne
Kwa Zubeda watu wamekaa mpaka inje. Kadi za harusi za kwa Amur! Hiyo kazi ilikuwa yangu. Nimechomoa waya. Nikaweka kiti mulangoni, nikangojea kelele. Imprimante yake inaendelea kuimba, inachapa kadi. Ilyasi anasema, mama, zikisha kunyonya zinaweka yote mu kichwa, hazina haja ya Mama tena mpaka zizimwe. Nikamuuliza kwa nini hakusema mbele. Eti hakujua niko na mpango gani.

Juma tano
Ninangojea kura, yaani umeme, ikatike. Zikizimika, kichwa inasahau yote. Wiki iliyopita kura ilikatika kila siku, wali wangu ukabaki mubichi. Leo, apana. Nimetuma Fadhila aseme Zubeda azime kidogo, zipumuzike. Zubeda amekataa, iko na kazi mingi, hata usiku anaziacha zinawaka. Fadhila anacheka. Andika kwamba unacheka.

Alhamisi
Kura imekatika, alhamdulillahi. Kwa Zubeda taa inawaka. Kumbe alinunua batri ya jua, akanyamaza. Mi sipendi mutu wa kuficha mambo. Kisha kura ikarudi na nguvu, Mama akatoa moshi. Disiki imeungua. Zangu zote zimeamuka, hazina pa kunyonya. Ilyasi alinisihi zamani tuweke kopi pembeni, nikasema Mama ni mumoja. Sasa anasema yote imebaki mu kichwa ya ordinateri za Zubeda. Akizima, sina duka.

Ijumaa
Kila Ijumaa Zubeda huwa anazima, anaenda kusali musikitini. Nimetoka mbio bila viatu. Nimemukuta kidole iko kwa buto ya kuzima.
"Zubeda, usizime."
"Mama Hamimu, si ni we ulituma watu nizime?"
Nikasema nilikuwa na homa.
"Na ile waya, ilichomoka yenyewe?"
Nikasema panya.
"Panya wa kukunja waya vizuri vile, utanionyesha."
Hakuzima. Ilyasi ametoa kopi mu kichwa ya zile za Zubeda, ameiweka mu disiki mupya ya Mama. Zubeda ametuma na pilau. Chumvi ilizidi.

Juma pili
Mama amepona, waya imerudi mu ukuta. Nimeapa mbele ya Fadhila: waya ya Zubeda sitaigusa tena. Mara amekuja Danielle, wa saluni ya ng'ambo ya barabara. Analia, ordinateri yake disiki imekufa. Huyo anashikilia bakliyenti wangu kwa kuwasuka nywele mpaka jioni, wanafika nimefunga. Nikamuambia atulie, kesho nitamupelekea waya. Yake sikuapa. Nimemuuliza Ilyasi kama kuna namna ya kunyonyesha kidogo kidogo, isiingie yote mu kichwa.
Fadhila, okota kalamu.