Chuma cha Babu Anyona

Jumatatu, 4 Agosti

Nimenunua debe la kufuli kuukuu dukani kwa Abdimajid, Nyaramba. Chini kabisa, maajabu! Kichuma kidogo chenye umbo la tundu la ufunguo, na ulimi mwembamba katikati. Abdimajid akaapa hakijui. Jirani yangu Onyiego akasema ni cha kutolea funza. Mke wangu Kwamboka akasema ni takataka. Nikaitafuta picha yake kwenye simu. Ni ala ya muziki! Unaiegemeza kwenye meno, unaudonoa ulimi kwa kidole, kinywa kinafanya mengine.

Jumapili kuna mashindano ya utamaduni Ikonge. Mshindi anatuwakilisha kaunti. Kila mwaka ni Onyiego na obokano yake, kinubi kile cha nyuzi nane. Kila mwaka! Mwaka huu nitasema hiki ni cha babu yangu Anyona, na kina umri mkubwa kuliko obokano zote.

Jumanne, 5 Agosti

Mazoezi. Nimeuma meno, ulimi wa chuma ukayagonga. Nusura jino liruke. Kumbe meno yaachane kidogo, chuma kitulie juu yake, midomo ilegee. Nimechanika mdomo wa chini. Ng'ombe amepiga teke ndoo ya maziwa. Kwamboka ameuliza kama naumwa.

Saa kumi jioni, sauti! Nyuiii! Nikiumba "o" bila kutoa sauti, inashuka. Nikiumba "i", inapanda. Mimi ni fundi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimetangaza habari za babu kwenye kituo cha kupimia majani chai. Watu wakaduwaa. Kisha Mzee Ishmael akasema alimjua Anyona tangu utotoni, na hakuweza hata kupiga mluzi. Nikajibu kwamba babu alikipiga faraghani. Mzee akauliza, faraghani wapi, na nyumba ilikuwa ya chumba kimoja?

Onyiego ameniletea mafuta ya kupaka mdomoni. Hila! Nimempaka ng'ombe kwanza. Hajafa. Nimejipaka.

Jumamosi, 9 Agosti

Sabato. Sikukigusa chuma. Nilikigusa mara moja tu, nyuma ya kanisa, wakati wa maombi. Mzee wa kanisa, Haron, akatoka mbio akisema kuna nyuki ukutani. Wakaleta moshi. Nimekohoa hadi wimbo wa mwisho.

Jumapili, 10 Agosti

Ikonge. Watu kama siafu. Nikasimulia habari za babu hadi mama mmoja akafuta machozi. Nikapiga. Safu ya mbele ikasikia mbu. Safu ya pili haikusikia kitu.

Jaji, Mwalimu Purity, akaomba kukiona. Akakigeuza. Akasema ala hii inapigwa katika nchi nyingi, na hii ina maandishi.

"Baba Walter," akauliza, "Austria ni kijiji gani hapa Gusii?"

Nikasema, "Mbele kidogo ya Keroka, Mwalimu."

Kicheko! Hata yule mama wa machozi alicheka. Nilitamani ardhi inimeze. Nikageuka nishuke jukwaani.

Onyiego akanishika mkono. Akaniambia kwa Ekegusii nisimame, nimeteseka wiki nzima. Akawanyamazisha watu, akaniwekea kipaza sauti chini ya kidevu, akakaa na obokano yake, akapiga taratibu. Nami nikadonoa. Nyuiii! Kinubi kikiuliza, chuma kinajibu. Mzee Ishmael akatikisa mabega. Kisha wamama wa chai. Kisha uwanja mzima. Macho yangu yakalowa. Vumbi, nadhani.

Tumechaguliwa wote wawili.

Jumatatu, 11 Agosti

Onyiego amekuja asubuhi na mkungu wa ndizi, tufanye mazoezi. Mtu mwema sana. Nimemwomba radhi kwa kumdhania mabaya, akacheka. Akasema kaunti tuwaambie ukweli tu, chuma kimetoka kwenye debe la kufuli. Hadithi yenyewe ni tamu, watu watapenda. Nikaitikia.

Alipoondoka, Kwamboka akaniuliza, "Baba Walter, umejifunza nini sasa?"

Nikamwambia nimejifunza jambo kubwa: maandishi yafutwe mapema.

Nimeazima tupa. Naanza na herufi A.