Boti la Bati na Changu Wawili wa Noelene

Jumatatu, 4 Machi

Nimepigwa na butwaa hadi chai imepoa mkononi. Nimetoka sasa hivi kwenye mkutano wa klabu yetu ya wavuvi wa changu. Katibu, Dulcie Aspinall, kasimama na miwani yake puani, kasoma timu zilizotoka kapa mwaka jana na mwaka juzi. Timu moja tu. Yangu! Desmond Pobjoy, mwanachama wa miaka thelathini na minane: sifuri, halafu sifuri.

Akasema kifungu cha saba kiko wazi. Jumamosi hii nisipofikisha mizanini japo changu mmoja, tena mzima, anayepumua, jina langu linafutwa ubaoni na nafasi inakwenda kwa wa kwanza kwenye orodha ya wanaongoja. Japo mmoja! Alivyotamka hilo "japo", ungedhani anampa mgonjwa uji.

Nikageuka kumtazama Ron Tranter, mwenzangu wa boti miaka kumi na mmoja. Ron anatazama viatu vyake. Kumbe kaliuza boti letu! Ni kweli lilikuwa lake, lakini matako yaliyolichakaza ni yangu. Na yeye kahamia kwa Kelvin. Kelvin! Shemeji yangu, kaka wa mke wangu Noelene, mwenye boti la fibaglasi lenye vioo vya kuonyesha samaki chini ya maji na viti vya kuzunguka kama vya kinyozi. Ron akasema mgongo wake unataka kiti chenye egemeo. Nikamwambia mbona mgongo huo haujachoka kubeba usaliti.

Kelvin akanipiga begani, akasema nisijali shemeji, ufukoni kuna nafasi nzuri ya mtu na ndoo yake. Ukumbi mzima ukacheka. Nikacheka na mimi, meno tu.

Jumanne, 5 Machi

Nimeamka na akili mpya. Boti ninalo! Lile la bati, limelala kifudifudi nyuma ya nyumba, kuku wa Noelene wanalala chini yake. Nimelipindua. Kuku wamenitazama kana kwamba mimi ni polisi niliyefika na hati ya kuwahamisha. Jogoo akanirukia. Nina alama mbili kwenye goti.

Noelene akauliza kuku watalala wapi. Nikasema suala la makazi liko mezani. Akauliza kama boti linavuja. Nikasema boti lililozuia mvua miaka tisa litashindwaje kuzuia mto? Akarudi ndani. Mwanamke akikosa jibu hurudi ndani.

Kelvin kalipa fedha za kununulia nyumba ili apate boti la mashindano. Mimi nitaunda langu kwa vitu vya humu humu. Kwanza sakafu ya kusimamia mbele, kwa sababu mvuvi wa changu hurusha chambo akiwa amesimama. Milango miwili ya kabati imetosha kabisa. Juu yake lazima zulia, changu wanasikia kishindo cha kiatu kupitia bati. Nimekata zulia la chumba cha wageni, sehemu ya chini ya kitanda. Maua mekundu. Nani huchungulia chini ya kitanda cha wageni?

Jumatano, 6 Machi

Noelene huchungulia chini ya kitanda cha wageni.

Alhamisi, 7 Machi

Leo mota. Nimebadilishana na jamaa wa gereji ya matrela: yeye kachukua mashine yangu ya kukatia nyasi, mimi nikachukua mota ndogo ya umeme, ile ya kufunga puani mwa boti, kimya kama paka. Changu hawavumilii kelele. Injini ya petroli nimeiacha bandani. Uzito wa bure! Boti jepesi ndilo boti la ushindi.

Nikalijaribu kijitoni. Nikabonyeza mbele, boti likaenda nyuma! Nikabonyeza nyuma, likakataa kabisa. Nusura nitangulize kichwa majini. Nyaya nimezifunga kinyume, na nimezikaza kwa gundi isiyobanduka. Halafu nikafahamu: hii ni bahati. Wapinzani wakiona nakuja, kumbe naondoka.

Mchana nikashughulikia tangi. Bila tangi la maji yanayozunguka, samaki hufa njiani, na kwenye klabu yetu maiti hapandi mizani. Tangi la dukani bei yake ni matusi. Nimechukua lile boksi la barafu la Noelene, la vinywaji vya Krismasi, nikatoboa matundu mawili, nikaweka pampu. Pampu inaingiza, inatoa, maji yanacheka. Mota na pampu vyote nimevifunga kwenye betri moja. Kelvin ana betri tatu. Mtu wa betri tatu ni mtu asiyejiamini.

Ijumaa, 8 Machi

Hakuna mtu anayetaka kupanda boti langu! Nimepiga simu sita. Mmoja kaniambia anafiwa kesho. Kesho!

Mwishowe Noelene akasema atakuja yeye. Nimeshtuka, maana hajashika mshipi tangu tuoane. Akasema haji kwa ajili yangu, anafuata boksi lake na zulia lake, huenda hiyo ndiyo safari yao ya mwisho.

Jumamosi, 9 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa moja asubuhi boti ishirini zimejipanga. Filimbi ikalia, wote wakaenda mbele. Sisi tukaenda nyuma. Ron akanipungia mkono akiwa kwenye kiti cha kuzunguka, akazunguka.

Tukafika kwenye vichanja vya kufugia chaza, ng'ambo ya visiwa vya mikoko, tukitanguliza matako. Changu hujificha chini ya vile vichanja kama wezi chini ya daraja. Nikarusha. Nikanasa kichanja. Nikarusha tena. Nikanasa kofia yangu. Kufikia saa nne nimepoteza vyambo bandia saba, na kwenye mashindano chambo cha nyama marufuku, la sivyo ningemtundika jogoo.

Noelene alikuwa anakula mkate wake wa nyama ya kopo na achari. Akasema mtu amshikie ile fimbo ndogo ya kuvulia. Nikasema mtu gani? Akasema basi ataishika mwenyewe. Akadondosha chambo pembeni, hata hakurusha, kadondosha kama anayetumbukiza kitunguu chunguni. Fimbo ikapinda hadi majini! Akaniambia niache kupiga kelele nilete wavu. Changu! Mpana kama sahani ya karamu! Mkate ulikuwa bado mdomoni mwake. Robo saa baadaye akamtoa wa pili.

Nimeishi na huyu mwanamke miaka arobaini na saba. Nikamuuliza alijifunzia wapi. Akasema nani unadhani alimfundisha Kelvin?

Niliketi.

Sasa tuna wawili, wazima, kwenye boksi la Krismasi. Mmoja tu angetosha kuniokoa! Nikawasha mota turudi. Ikanguruma kidogo, ikakohoa. Na pampu ikapunguza mwendo. Betri inakwisha! Moja, kwa wote wawili. Nikizima pampu, samaki wanakufa. Nikizima mota, tunachelewa, na anayechelewa hapimiwi.

Noelene akasema zima vyote viwili uchukue ubao wa kabati upige makasia. Yeye akavua kofia, akawa anachota maji ya mto anamimina ndani ya boksi, anachota anamimina, anawaambia wale changu, "Vumilieni wanangu, huyu baba yenu ndivyo alivyo." Mimi napiga maji na mlango wa kabati. Saa nane kamili ndio mwisho. Saa saba na dakika arobaini bado tulikuwa tunaona vichanja.

Ndipo nikasikia injini. Kelvin! Nikajua amekuja kucheka. Hakucheka. Akazima injini akauliza mna samaki? Noelene akasema wawili, wamechoka. Kelvin akarusha kamba. Nimeshtuka kuliko siku ile Ron aliponisaliti. Nikasema sitaki msaada wa mtu. Kelvin akasema, "Namvuta dada yangu. Wewe shemeji ukitaka shuka."

Sikushuka.

Akatuvuta hadi mwanzo wa gati, akafungua kamba, tukamalizia wenyewe. Dakika mbili zimebaki! Dulcie akawatia mizanini: kilo mbili na gramu arobaini, na wote wanapiga mikia. Wakarudishwa mtoni, wakaondoka bila kuaga. Kwenye ubao wa matokeo akaandika POBJOY, na chaki ikalia. Nimeokoka!

Kelvin kashika nafasi ya kwanza. Jioni, klabu ikichoma soseji, akamwambia Noelene aandike jina lake kwenye orodha ya wanaongoja. Noelene akaandika, huku wote wanacheka. Orodha ilikuwa tupu! Hakukuwa na mtu yeyote anayengoja! Wiki nzima nimetishwa na karatasi nyeupe.

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda kununua mkate. Mwoka mikate akaniuliza kama ni kweli nilivutwa kama mbuzi wa mnada. Kelvin ndiye katangaza! Mtu mzima mwenye mvi!

Nikarudi nyumbani damu inachemka, nikafungua kijitabu cha kanuni. Ukurasa wa sita, kifungu cha kumi na mbili: ni marufuku boti la mashindano kuvuta boti jingine saa za mashindano. Nikasoma mara mbili. Nikacheza peke yangu jikoni. Kelvin amevunja kanuni! Ushindi wake si halali! Noelene alikuwa kanisani, hapakuwa na wa kunizuia. Nikaandika malalamiko, kurasa mbili, nikaweka saa, mahali, na rangi ya kamba.

Nikampelekea Dulcie mlangoni. Akasoma amesimama. Akauliza, Des, una hakika? Nikasema kabisa. Akasema klabu nzima iliona na klabu nzima imenyamaza, pengine na wewe ungenyamaza. Nikasema hivyo ndivyo rushwa inavyoanza. Akanirudishia ile barua, akasema nikalale nayo usiku mmoja, halafu nifungue ukurasa wa saba. Nikaisukuma tena mkononi mwake nikamwambia agonge mhuri mbele yangu. Akagonga, kwa huzuni. Wanaumia sana hawa watu mkweli akisema.

Jumanne, 12 Machi

Sijala.

Kamati ilikaa jana. Dulcie kasoma kifungu cha kumi na mbili, halafu akafunua ukurasa. Kumbe kifungu kinaendelea upande wa pili! Mvutaji anashushwa nafasi moja. Aliyevutwa, samaki wake hawahesabiwi.

Hawahesabiwi! Wale wawili, wazima, wenye mikia! Kelvin kawa wa pili, akacheka hadi akashika meza, akasema, "Shemeji, wewe ni zawadi." Mimi nikawa sifuri. Sifuri ya tatu. Dulcie akasema samahani sana, mhuri umeshagongwa. Akachukua kitambaa, akaenda kwenye ubao wa wanachama. Akafuta DESMOND. Pobjoy akaliacha. Akaandika NOELENE mbele yake, kwa sababu ndiye wa kwanza kwenye orodha, na ndiye peke yake. Kelvin akamuomba hapo hapo awe mwenzake wa boti. Noelene akakubali, kwa sharti la kiti chenye egemeo. Kwa hiyo Ron hana kiti. Kaja asubuhi hii na mgongo wake, tumekaa kibarazani kila mtu anaangalia upande wake.

Nimemuuliza Noelene kama hili ni jambo la haki. Akasema atanijibu akimaliza kufunga mishipi yake.

Lakini nimechunguza. Kifungu cha kumi na tisa: mwanachama aliyefutwa anaweza kukata rufaa. Kinaanza vizuri mno. Nimesoma mistari miwili ya kwanza na imetosha. Barua nimeshaiandika, Ron kaitia sahihi kama shahidi, na sasa hivi tunaipeleka kwa Dulcie kabla Ron hajabadilisha nia.